"Shangazi, leo presha imesoma ngapi?"

Na Mwandishi Wetu, Kanombe

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu inaita katika nyumba moja ya Kanombe, si mbali na uwanja wa ndege wa Kigali. Mwenye nyumba huwa ameshakaa tayari: kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, mkono wa kushoto umelazwa mezani, mkanda wa mashine ya presha umefungwa juu ya kiwiko. Amekaa hivyo dakika tano bila kusema neno, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu akipima huku anazungumza namba hupanda. Mpigaji yuko Kampala. Kwao ni saa moja na nusu, zamu yake hospitalini inaanza saa mbili, kwa hiyo maneno si mengi.

"Umeamkaje, Shangazi? Leo presha imesoma ngapi?"

"Mia na thelathini na nane juu, themanini na sita chini."

"Vidonge?"

"Vimebaki kumi na moja."

Ndege ikitua, wote wawili hunyamaza mpaka ipite, kisha wanaendelea.

Mwenye nyumba ni dada ya baba yangu. Mpigaji ni mdogo wangu, muuguzi. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za ushuru, vituo vya forodha na bei za nafaka, na sikuwahi kudhani ningeandika juu ya simu ya nyumbani kwetu. Lakini shangazi ni mmoja wenu, ndugu wasomaji. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano amekuwa akivuka daraja la Rusumo kufuata mchele wa Kahama, na kiharusi kilimkuta huko huko, karani wa lori akimsomea idadi ya magunia.

Asubuhi ya Rusumo

Simu ilimdondoka mkononi. Akainama kuiokota kwa mkono ule ule wa kulia, mkono ukagoma. Wenzake walidhani ni uchovu wa safari. Mmoja akamnunulia soda, mwingine akamtafutia kivuli. Dereva mmoja wa malori ndiye aliyesema, "Mtazameni mdomo." Upande mmoja ulikuwa umeshuka, na alipojaribu kujibu, maneno yalitoka kama ya mlevi. Kutoka saa ya soda mpaka saa ya dereva ilipita karibu saa nzima.

Nasimulia haya kwa urefu kwa sababu saa hiyo moja ina bei. Kiharusi ni ubongo kukosa damu: ama mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama mshipa umepasuka. Kwa kiharusi cha kuziba ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza kichwa kipigwe picha ya CT ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Bila picha hiyo daktari haitoi, na wewe pale mpakani usimpe mgonjwa hata aspirini. Kama mshipa umepasuka, unazidisha kuvuja. Mdomo ulioshuka, mkono usioinuka, maneno yanayovurugika: ukiona hata kimoja, tafuta gari. Kwa upande wa Rwanda namba ya gari la wagonjwa ni 912.

Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kiasi cha kilomita 160. Alipofika kwenye mashine ya picha muda wa ile dawa ulikuwa umekwisha. Ilikuwa ya kuziba. Alilazwa siku kumi na moja.

Hospitali ya Jeshi la Rwanda, ambayo hutibu raia pia, iko hapo hapo Kanombe, na watu wengi mkinisoma mtadhani ndiyo nayoizungumzia. Siyo, alilazwa kwingine, na sitapataja. Walimtibu vizuri. Ninachokumbuka kwa uchungu ni siku ya kutoka. Tulipewa karatasi yenye majina ya dawa tatu, za mwezi mmoja, na tarehe ya kurudi. Niliuliza presha yake inatakiwa iwe ngapi. Jibu lilikuwa: "Apunguze chumvi, asijichoshe." Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, nami sikuuliza tena. Kwa mtu niliyezoea kumbana waziri mpaka ataje tarakimu, najilaumu mpaka leo.

Namba ambayo kila mtu anapaswa kuijua

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioitwa INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32, Uganda ikiwamo, ukihusisha watu karibu 27,000, nusu yao wakiwa wamepata kiharusi. Ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi vyote. Yamo sigara, pombe, chakula, kutotembea, unene wa tumbo, sukari, mawazo mazito, magonjwa ya moyo na mafuta katika damu. Lakini la kwanza, tena kwa mbali, ni shinikizo la juu la damu, ambalo peke yake linahusika na karibu nusu.

Na msidhani ni ugonjwa wa Ulaya. Watafiti waliofuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam kuanzia mwaka 2003 mpaka 2006 walikuta, baada ya kulinganisha umri, viharusi vipya 108 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 315 Dar es Salaam. Mjini ni karibu mara tatu ya kijijini. Nikiyatazama maisha yetu ya safari, chipsi za usiku, kukaa kwenye basi saa tisa, kulala saa nne juu ya mizigo, sioni kama wafanyabiashara wa mipakani tuko upande wa Hai.

Aliyewahi kupata kiharusi ndiye aliye karibu zaidi na kingine. Marekani, ambako hesabu zimewekwa kwa miaka mingi, takriban kiharusi kimoja kati ya vinne humpata mtu ambaye alishapata kabla. Habari njema ni kwamba hatari hiyo inashuka kwa mambo madogo. Utafiti uitwao PROGRESS, wa mwaka 2001, uliwafuatilia watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Waliopewa dawa za presha walishuka kwa wastani wa pointi tisa tu kwa namba ya juu na nne kwa ya chini, na kwa miaka minne viharusi vya pili vikapungua kwa asilimia 28. Pointi tisa! Ni tofauti ambayo mwili hauisikii kabisa. Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe: mtu anaombwa anywe dawa kila siku mpaka kufa kwake kwa ajili ya kitu asichokisikia.

Hesabu ya pakiti ya chumvi

Wiki tatu baada ya kutoka hospitalini shangazi alikuwa anatembea kwa fimbo, na kwa maoni yake alikuwa amepona. Nyumbani walimhubiria chumvi kila mlo mpaka akaanza kula peke yake jikoni. Mdogo wangu alipoanza kupiga simu hakuhubiri. Aliuliza swali moja.

"Shangazi, pakiti ya chumvi ya nusu kilo inamaliza siku ngapi hapo kwako?"

Shangazi hakujua. Asilolijua kuhusu mzigo wake humnyima usingizi, kwa hiyo aliandika tarehe kwenye pakiti mpya kwa kalamu. Ikaisha siku ya kumi na mbili. Ndani wanakaa watu wanne. Alhamisi iliyofuata walipiga hesabu pamoja kwenye simu, kama wapigavyo hesabu ya gunia: gramu 500, gawanya kwa siku 12, gawanya kwa watu wanne, unapata gramu 10 na kidogo kwa kila mmoja kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu tano. Hapo hawajahesabu mkate, wala vile vidonge vya supu vinavyotiwa kwenye isombe, wala dagaa wakavu.

"Kwa hiyo nakula ya watu wawili," shangazi alisema.

"Pakiti ijayo tuone kama itafika siku kumi na nane."

Ilifika kumi na saba. Ya sasa hivi inakwenda siku ya ishirini na mbili, na kikomo walichowekeana ni ishirini na tano. Watoto wa nyumba ile walilalamika wiki mbili, wakazoea.

Nimeisikiliza ile simu mara nyingi, na naona siri yake haiko katika elimu. Kila redio ya Kigali imeshasema chumvi ni mbaya. Tofauti ni kwamba yuko mtu atakayeuliza Alhamisi, na shangazi ni mwanamke wa biashara. Hawezi kukubali kuulizwa hesabu akakosa jibu. Vipimo vyake ameviandika nyuma ya daftari la madeni, safu tatu: tarehe, presha, dakika za kutembea.

Kutembea nako kulikuja kidogo kidogo. Wataalamu wanashauri dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo lakini bado uweze kuzungumza. Yeye alianza na dakika nne, mpaka duka la jirani na kurudi. Akafika kumi, akafika ishirini. Jumapili za siku bila magari, ambazo Kigali ilizianzisha mwaka 2016 mara moja kwa mwezi na kuzifanya mbili mwaka 2018, hutembea barabarani bila kuogopa pikipiki, na huko kuna vipimo vya bure vya presha na sukari. Hulinganisha kipimo chao na mashine yake, na wakitofautiana anagomba.

Wiki ya tisa

Wiki ya tisa hesabu ilikataa. Presha ilisoma 161 juu, 97 chini. Mdogo wangu aliuliza vidonge. Vilikuwa vimebaki kumi na vinne. Vilitakiwa kubaki vinane.

Kimya. Safari hii haikuwa ndege.

"Shangazi, miguu?"

Miguu ilikuwa imevimba. Viatu vya ibadani vilikataa kuingia, na mama mmoja wa kanisani alimwambia kwamba ni ile dawa. Mama wa kanisani alisema kweli: amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na watu wengi sana, huwavimbisha baadhi yao vifundo vya miguu. Kosa lilikuwa kuiacha kimya kimya. Angeulizwa tu "Unakunywa dawa?" angejibu ndiyo, kwa heshima, kama wazee wetu wanavyojibu madaktari, na tungejua siku ya msiba. Alipoulizwa idadi, alitaja idadi. Jumatatu ile ile alikwenda kituo cha afya na daftari lake. Daktari akapunguza dozi ile na kumwongezea dawa nyingine. Baada ya wiki mbili viatu viliingia.

Kumasi, Melbourne, na *811#

Sisi hatukuvumbua kitu. Kumasi nchini Ghana, watafiti wakiongozwa na Daktari Fred Sarfo waliwachukua watu 60 waliopata kiharusi, nusu yao wakapewa simu na mashine ya presha iliyounganishwa nayo, na muuguzi akawafuatilia kwa mbali. Baada ya miezi mitatu, waliofuatiliwa walifikia presha inayotakiwa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Ni watu wachache, na mtu mwangalifu hajengi nchi juu ya watu 60, lakini ni Afrika yetu, na ni wauguzi, si madaktari bingwa. Kabla yao, Melbourne nchini Australia, mpango ulioitwa COACH uliwapigia simu kwa miezi sita wagonjwa wa moyo waliotoka hospitali sita. Matokeo ya watu 792 yalichapishwa mwaka 2003, na mafuta katika damu yalishuka zaidi kwa waliopigiwa. Kilichonivutia ni walichofundishwa: mgonjwa ajue namba yake, ajue namba inayotakiwa, na pengo likiwepo aende mwenyewe kumdai daktari wake.

Rwanda inajua vizuri tiba ya simu. Babyl ilianza hapa mwaka 2016. Ulibonyeza *811#, ukazungumza na muuguzi, ikibidi daktari, na ukatumiwa namba ya kuchukulia dawa. Zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ikaanguka, na huduma ya hapa ikafungwa. Hata hivyo ile ilikuwa simu ya kupigwa na mgonjwa. Mwenye homa hupiga. Mwenye presha ya 161 asiyesikia chochote hapigi. Kwake ni lazima simu itoke upande wa pili.

Watu wa kuipiga wapo. Kila kijiji cha Rwanda kina wahudumu wa afya wa jamii, na wengi wao wamekuwa wakitumia simu kutuma taarifa za mama wajawazito na watoto wachanga tangu mfumo wa RapidSMS ulipoanzishwa mwaka 2009. Mama mjamzito ana mtu anayemfuata kwa jina. Mgonjwa wa kiharusi akishatoka getini amekwisha. Gerard Urimubenshi na mwenzake, waliowahoji wagonjwa wa kiharusi wa Musanze, waliandika mwaka 2011 juu ya njia zisizopitika, vyoo visivyofikika na huduma ya mazoezi ya viungo iliyo mbali. Anayeujua mlima wa Musanze hahitaji kuelezwa zaidi. Sioni kwa nini simu mbili kwa wiki zisiwe sehemu ya kazi ya hospitali kama ulivyo mshono.

Pale simu inapokwama

Nisiwauzie simu kuliko ilivyo. Haioni mkono. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyeuamsha mkono wa shangazi, kwa safari za moto mara mbili kwa wiki. Na kwa aliyepoteza lugha, simu ni mateso. Wiki za kwanza shangazi alikuwa na Kinyarwanda chake chote, lakini Kiswahili cha biashara kilikuwa kimepotea. Alijua anataka kusema nini kuhusu mchele, neno haliji. Mdogo wangu akamfanya ataje bei kila mwisho wa simu: kilo moja, kilo tano, gunia, kisha arudishe chenji. Tarakimu zilirudi kwanza. "Mpunga" ulikawia mpaka mwezi wa tatu.

Halafu kuna gharama. Kenya, Rwanda na Uganda zilianza eneo la mtandao mmoja mwaka 2014, zikaondoa tozo za ziada kati yao, na kupokea simu ukiwa katika nchi mwenza kukawa bure. Ndiyo maana simu ya Kampala haituumizi. Tanzania haikuanza pamoja nao, kwa hiyo shangazi ana laini ya pili ya upande wa pili wa daraja, na mdogo wangu hupiga kwa intaneti akipata. Nao ndugu zetu wa Kongo, walioingia Jumuiya mwaka 2022, wanaovuka Rubavu na Rusizi kila siku kwa miguu, wanastahili kuulizwa nao bei ya dakika moja.

Dawa ndiyo shida kubwa ya safari. Kadi ya mituweli haikupi vidonge Ngara. Shangazi sasa husafiri na za siku zote za safari pamoja na tatu za ziada, ndani ya pakiti zake zenye majina na karatasi ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye mzigo wa lori. Jina analolishika ni la dawa yenyewe, amlodipini, si la kampuni, maana kampuni hubadilika ukivuka daraja.

Ndiyo, anasafiri. Alianza tena mwezi uliopita, mara moja kwa mwezi badala ya nne, na kijana wa kubeba. Nilikuwa naye Alhamisi ya safari ya kwanza. Saa ilipofika alikuwa ameketi kwenye benchi la mama ntilie pale Benako, mashine juu ya gunia, wapakiaji wakimpita huku na huku.

"Mia na arobaini na tisa," alisema. "Tisini na moja."

"Umelala saa ngapi, Shangazi?"

"Tatu."

"Na jana ulikula nini?"

Alinitazama kabla ya kujibu. "Nyama choma. Na chumvi ile ya pembeni."

"Pima tena jioni ukishapumzika, kabla ya kupakia. Ikizidi mia na hamsini, hupandi lori, unalala hapo. Nitapiga."

Alilala adhuhuri nzima kwenye chumba cha kupanga, viatu miguuni. Jioni ilisoma mia na thelathini na sita. Aliiandika, akafungua daftari upande wa mbele, na kuanza kubishana na karani juu ya gunia lililopungua.